Kikao cha Wimbo wa Saba

Jumapili, 2 Machi

Mvua imeanza leo saa nane mchana, na saa tisa redio imetangaza kwamba Wahunzi wanarudi jukwaani. Miaka kumi na mmoja hawajapiga hata wimbo mmoja mbele ya watu. Mpiga ngoma aliugua, mwimbaji akakosana na mpiga gitaa, magazeti yakawazika mara tatu, na mara zote tatu niliandika kwamba bendi haijafa, kilichokufa ni masikio ya wahariri. Sasa nani anacheka?

Tarehe 12 Aprili, saa kumi jioni, ukumbi mkubwa wa michezo, watu elfu kumi na mbili. Nina miaka hamsini na mmoja na nimepiga kelele jikoni mpaka mume wangu akaja na ufagio akidhani ni panya.

Safu yangu ya kila Jumamosi ni ya kugombana, na furaha haigombani na mtu. Ndiyo maana nimenunua daftari hili.

Niandike na habari ya Kikao kabla kumbukumbu haijaanza kunidanganya. Miaka ishirini na minne iliyopita Wahunzi walipiga katika jengo la sinema lililokuwa limefungwa. Tulikuwa watu mia nne. Wimbo wa saba, "Majivu", ule wa taratibu, umeme ukakatika. Mwimbaji akaendelea bila kipaza sauti, na sisi wa mbele, bila kuambiwa na mtu, tukakaa chini sakafuni ili wa nyuma wamwone kwa mwanga wa kiberiti. Ngoma zilipoingia mwishoni tukainuka pamoja. Wiki ile niliandika makala, nikakipa kitu kile jina: Kikao. Tangu siku hiyo kila walipopiga hapa kwetu "Majivu" ilikuwa ya saba, taa zilizimwa, nasi tulikaa. Asiyekaa tulijua ni mgeni.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Kiatu changu cha kushoto kimeachama kama mgombea wa uchaguzi.

Jumapili, 9 Machi

Nimegombana na binti yangu juu ya meza ya chakula. Ana miaka kumi na tisa, mwaka wa kwanza chuoni. Wahunzi walipoacha kupiga alikuwa bado anapoteza meno ya utotoni. Sasa yeye na wenzake wamewagundua kwenye simu, na wana tiketi za kusimama, mbele, kama mimi.

"Utakaa karibu yangu kwenye Kikao," nikamwambia.

"Mama, sisi 'Majivu' hatukai. Tunasogea."

"Mnasogea wapi?"

"Mbele. Kwenye video za ziara yao ya mwisho ng'ambo, taa zikizimwa mwimbaji anashuka mpaka kwenye vizuizi. Wote mnakwenda, mnamgusa mkono. Ndiyo raha yenyewe."

"Hiyo si raha, hiyo ni foleni ya mkate."

"Na kukaa chini ni nini? Ni matanga."

Baba yake akacheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka. Matanga! Kizazi kinachosikiliza muziki kwa kidole kinatufundisha adabu sisi tuliokaa kwenye saruji yenye kunguni.

Jumamosi, 15 Machi

Makala yangu imetoka: "Wageni Wakae Chini". Naandika hapa sentensi niliyoipenda kuliko zote: "Wakisogea, tukae. Wakisukuma, tukae zaidi. Mbele ni petu, na atakayetaka kumgusa mwimbaji atatuomba njia, nasi tutamjibu wimbo ukiisha."

Simu haijanyamaza tangu asubuhi. Muuza vitabu wa pale kona amenisimamisha mvuani anishike mkono. Niseme kweli: nimejisikia na miaka thelathini.

Jumapili, 16 Machi

Mkutano wa mashabiki wa zamani kwa Fundi Saa. Huyu ni rafiki yangu tangu usiku ule wa sinema, kiberiti kilikuwa chake. Ana miaka sitini na mitatu, anatengeneza saa kwenye chumba kisichozidi kitanda, na goti lake moja halikunji sawasawa. Yeye na wasomaji wangu wananiita Mama Shari. Yeye amefupisha.

"Shari, umetuamsha," akasema. "Tuko mia nane. Tutaingia mapema, tushike mbele yote, kutoka ukuta hadi ukuta."

Wamechapisha fulana nyeusi zenye neno moja kifuani: SIINUKI.

"Na goti lako?" nikamuuliza.

"Kukaa kunanichukua dakika. Kuinuka kunanichukua dakika tatu. Wimbo una dakika sita. Hesabu inatosha."

Tulicheka wote. Saa ishirini ukutani, hakuna mbili zilizokubaliana.

Jumatano, 19 Machi

Mvua, siku ya nane mfululizo. Ukuta wa stoo umeota ukungu.

Jumapili, 23 Machi

Wifi yangu amekuja. Dada huyu wa mume wangu ndiye msimamizi wa milango katika ukumbi ule ule. Miaka ishirini na miwili anahesabu vichwa vinavyoingia na vinavyotoka, na kwa miaka hiyo yote hatujawahi kusalimiana kistaarabu.

"Wifi, bado hujafungwa?" akaanza mlangoni, akikung'uta mwavuli.

"Wanangoja wewe ufukuzwe kazi, tupelekwe gari moja."

Akatoa gazeti mkobani, limekunjwa kwenye makala yangu. "Hiki umeandika wewe au pepo lako?"

"Wote wawili. Pepo kasahihisha nukta."

Hakucheka, na mtu huyu hucheka hata msibani. Akavuta kiti.

"Wangapi wanakaa?"

"Mia nane. Labda elfu."

"Na nyuma yao wangapi wanasogea?"

Nikamtazama binti yangu. Akainua mabega. "Waliobaki wote, shangazi."

"Gizani?"

"Gizani."

Wifi akasema polepole, kama anayemsomea mgonjwa dawa: "Anayekaa mbele ya watu wanaosukuma ni tofali lililotolewa chini ya ukuta. Aliye nyuma yake anaangukia shimo. Wa nyuma ya huyo anamwangukia. Na yule wa mwisho kabisa hajui kitu, wifi. Yeye anaona tu kwamba nafasi imepatikana, anasonga."

"Tumekaa miaka na miaka na hakuna aliyevunjika ukucha."

"Mlikaa watu mia nne mnaojuana."

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia kazi yake imemfanya aone jeneza penye kila foleni. Nikamwambia waoga ndio walioua kila kitu kizuri duniani. Nilikuwa na mifano, nina mifano daima, kutoka vitabu vya nchi nne. Aliniacha nimalize. Kisha akainuka, akaenda kwenye ujia mwembamba kati ya jokofu na ukuta wa jikoni.

"Kaa hapa."

"Nikae?"

"Sakafuni. Kama mnavyokaa."

Nikakaa, magoti kifuani, uso kwenye ukuta. Akawaita kaka yake na binti yangu. "Msimsukume. Mwegemeeni tu mgongoni, kama mtu aliyechoka."

Waliegemea, naye wifi akaegemea nyuma yao. Watu watatu, na wawili kati yao wananipenda. Nikajaribu kuinuka nikakuta miguu yangu si yangu. Nikavuta pumzi ikaingia nusu. Nikataka kusema basi, na neno "basi" linahitaji hewa. Niliona rangi ya ukuta, alama ya mafuta yenye umbo la sikio, na nikasikia mtu anakwaruza. Zilikuwa kucha zangu.

Walipoachia, wifi alikuwa amechuchumaa pembeni yangu. "Sekunde kumi na moja," akasema. "Watatu. Watu hawafi kwa kukanyagwa, wifi yangu. Wanakosa pumzi tu, wengine wamesimama wima, na jirani yao anaimba."

Jumatatu, 24 Machi

Kwenye lifti ya gazeti waliingia watu sita. Nilishuka ghorofa ya pili nikamaliza kwa ngazi. Nilipofika mezani jasho lilikuwa limelowesha kola.

Jumatano, 26 Machi

Nimempelekea mhariri makala mpya. Inasema nilichoandika ni hatari, watu wasikae, na inaeleza kwa nini, pamoja na ile habari ya jokofu. Inaomba radhi.

Mhariri akaisoma akiwa amesimama. "Una homa?"

"Sina."

"Mama Shari anaomba radhi. Wewe. Kwa mkono wako."

"Ichape tu, bwana."

"Nitaichapa. Lakini hawatakuamini."

Nilidhani anatania.

Jumamosi, 29 Machi

Hawakuniamini.

Nimesahau ulimi wangu mwenyewe. Miaka tisa iliyopita mkubwa mmoja alitaka nimwombe radhi gazetini, nikamjibu kwa maneno ambayo wasomaji waliyakariri kama sala: "Siku mkinisoma naomba radhi, jueni kuna mtu amesimama nyuma yangu na bunduki." Leo maneno hayo yako kila mahali. Wamekata kipande kile cha gazeti la zamani, wakakibandika pembeni mwa makala ya leo. Wanasema waandaaji wamenitisha. Wanasema wifi yangu anafanya kazi ukumbini, basi wamenipata kupitia ndugu. Wanasema tusimwache dada yetu.

Waliojiandikisha kukaa walikuwa mia nane. Jioni hii ni elfu moja na mia nne.

Jumatano, 2 Aprili

Nimekwenda kwa Fundi Saa. Nilimkuta na kioo chake jichoni, saa ya mwanamke imefunguliwa kiganjani.

"Nisikilize vizuri," nikasema. "Hakuna aliyenitisha. Mtu akikaa pale atakufa."

"Tumeelewa, Shari."

"Mmeelewa nini?"

"Tumeelewa kabisa." Akafunga mlango, akashusha sauti. "Kama wako nje wanakusikiliza, kohoa."

"Hakuna mtu nje, mzee wangu! Kuna mvua!"

"Mvua," akasema, akitikisa kichwa taratibu kama aliyepewa siri kubwa.

Nilimshika mkono, nikamweleza ujia wa jokofu, pumzi, sekunde. Alinisikiliza kwa huruma. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Miaka yote niliwafundisha watu hawa wasimwamini yeyote anayewaambia warudi nyuma. Wamehitimu.

Nilipokuwa natoka nikakohoa, kwa baridi tu. Akanikonyeza.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimemkataza binti yangu asiende. Hakupiga kelele. Alisema, "Mama, elfu moja na mia nne wanakwenda kwa sababu yako. Utawafungia wote, au mimi tu?"

Mume wangu akatazama sahani yake.

Jumanne, 8 Aprili

Wifi amepiga simu. Paa la ukumbi linavuja upande wa mashariki. Viti elfu mbili vya juu vimefungwa. Wenye viti hivyo hawatarudishwa nyumbani. Watateremshwa wasimame chini na wengine.

"Umewaambia wakubwa zako?"

"Nimewaambia kwa mdomo, kwa barua, na kwa kulia. Wanasema sakafu ni kubwa."

Alhamisi, 10 Aprili

Msimamizi wa bendi amejibu kwa mistari miwili barua niliyomwandikia pamoja na wifi. "Majivu" haitaondolewa wala kuhamishwa. Mashabiki wa huku, anasema, wana desturi nzuri juu yake, ameisoma mahali.

Wifi amepata kitu kimoja tu: fundi wa taa wa ukumbini amekubali kwamba akiona kurunzi nyekundu ya wifi ikipungwa, atawasha taa zote bila kumwuliza mtu.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua haijakata hata kwa dakika. Nimejaribu kusikiliza "Majivu" nyumbani, nijikumbushe ninachokipenda. Nimesikia viatu tu, vikisogea.

Jumapili, 13 Aprili

Nitaandika kwa mpangilio, maana kichwani hakuna mpangilio.

Wifi alinivika kizibao cha njano na kunisimamisha kwenye ule upenyo kati ya jukwaa na vizuizi vya chuma, pamoja na walinzi wake kumi na wanane. "Wewe unawajua kwa sura," akasema. "Ongea nao mmoja mmoja. Mpaka wimbo wa sita." Maana yake niliwapa bendi mgongo. Miaka kumi na mmoja nimewangoja, na walipoingia na gitaa la kwanza nilikuwa natazama upande mwingine.

Watu waliingia wamelowa. Milango ilifunguliwa mapema kwa sababu ya mvua, wote wakaja kwa mkupuo, na mvuke ukapanda juu yao kama juu ya ng'ombe. Mbele, ukuta hadi ukuta, fulana nyeusi. SIINUKI, SIINUKI, SIINUKI. Fundi Saa alikuwa katikati, tumbo kwenye chuma, hatua moja kutoka kwangu. Binti yangu nilimwona kwa mbali upande wa kulia, safu ya kumi au ya kumi na mbili, mkono juu. Nyuma yake sikuona mwisho wa watu.

Kila wimbo ulipoisha nilipita kwenye kizuizi nikiwasihi. Msikae. Nawaomba. Walinipapasa kizibao, wakanipigia makofi. Mwanamke mmoja, mwalimu ninayemjua tangu zamani, alinivuta sikio karibu: "Wamekuvika na sare kabisa? Washenzi." Alikuwa na machozi.

Mpaka wimbo wa tano watu waliokuwa kwenye vizuizi walikuwa hawawezi kuinua mikono. Nilimwambia Fundi Saa, "Huoni? Hata nafasi ya kukaa hamna."

"Itapatikana," akasema. "Tukishuka wote pamoja."

Wimbo wa sita uliisha. Taa zikazima.

Kwanza nilisikia wanakaa. Si kishindo, ni sauti laini, kama magunia yanatuliwa ghalani, kutoka kushoto kwenda kulia. Kisha gitaa lile la peke yake, na mwimbaji akashuka ngazi nyuma yangu, na huko gizani watu elfu nane wakapiga kelele ya furaha na kuja.

Nilikuwa nimeshamshika Fundi Saa. Sikufikiri. Alipoanza kukunja lile goti nilipitisha mikono juu ya chuma, nikamkamata chini ya makwapa, nikamng'ang'ania kifua kwa kifua. Alinisukuma uso.

"Niache, Shari! Niache nikae!"

"Sikuachi!"

"Unanifedhehesha mbele ya watu!"

Halafu wimbi likafika. Nililisikia likipita mwilini mwake mpaka kwangu, na kizuizi kikalia. Kitu kikavunjika kati yetu, nikasikia kwa mikono kabla ya masikio. Akaacha kunisukuma. Mdomo wake ulikuwa shingoni mwangu, na hewa iliyobaki aliitumia kwa neno moja.

"Usiniache."

Sikumwacha. Upande wangu wa kushoto mahali palipokuwa na watu waliokaa hapakuwa na watu waliokaa. Palikuwa na kitu kinapanda. Nilihisi kidole kinashika pindo la suruali yangu chini ya chuma, kinavuta, kinavuta, kinaacha. Na mwimbaji, hatua tano kutoka kwangu, alikuwa anaimba kwa sauti nzuri ajabu, macho amefumba.

Kurunzi nyekundu. Taa zikawaka zote.

Sikuona nyuso. Niliona migongo, migongo juu ya migongo, na nyuma yao watu wanaocheka bado, simu juu, wanasogea kwenye nafasi iliyopatikana. Wimbo ukakatika katikati ya neno. Wifi alikuwa juu ya sanduku la spika na kipaza sauti cha mkononi, na hakupiga kelele, aliongea kama anayeongea na mtu mmoja: "Wewe wa nyuma kabisa, mwenye kofia. Geuka. Toka nje. Wewe uliye mbele yake, mfuate. Hatua moja. Nyingine." Dakika nne. Walinzi wakawa wanawatoa watu juu ya chuma kama nguo kwenye pipa. Baadhi walikohoa. Baadhi hawakukohoa.

Binti yangu alitoka kwa miguu yake, na kiatu kimoja.

Waliopelekwa hospitali ni thelathini na wanane. Mpaka naandika hakuna aliyekufa. Naandika "mpaka naandika" kwa sababu kuna msichana mmoja wa sweta la kijani ambaye bado hajaamka.

Jumatatu, 14 Aprili

Binti yangu haweki miguu chini. Anakaa kitini ameikunja, anakula ameikunja. Akienda chooni anatembea kwa ncha za vidole, ameshika ukuta. Nilidhani ameumia. Mchana akaniambia.

"Nilisimama juu ya mtu, mama."

Nikapiga magoti mbele ya kiti chake.

"Sikuweza kushuka. Nilijua ni mtu. Alikuwa anasogea, kisha akawa hasogei. Nilikuwa naimba wakati anasogea."

Jumatano, 16 Aprili

Sasa wanasema nilitabiri! Wamekumbuka makala ya radhi, wameiweka kwenye fremu: Mama Shari aliona mbali, akaonya, wakubwa wakapuuza. Mhariri anataka ukurasa mzima, na picha yangu ya kizibao. Nimempelekea mistari tisa. Inasema desturi niliianzisha mimi, wito niliutoa mimi, na paa bovu halikumwambia mtu yeyote akae. Amesema ni unyenyekevu mzuri sana. Nimemwambia akiiita tena unyenyekevu nitamtupia kiti.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua imepungua. Binti yangu ametaka kwenda hospitali. Alivaa soksi mbili mbili.

Wodi ile ina vitanda kumi na vinne, na kumi na mmoja wa waliolazwa ni wa kwetu. Sikujua anataka nini mpaka aliposimama kwenye kitanda cha kwanza, penye kijana mwenye bandeji shingoni, akamwuliza kwa adabu kama anayeuliza njia: "Samahani kaka, ulikuwa wapi? Ulikuwa upande wa kulia? Kuna mtu alikusimamia mgongoni?"

Kijana akasema hapana. Akaenda cha pili. Cha tatu. Yule mwalimu mwanamke akasema yeye alikuwa kushoto. Kila aliyejibu hapana, mwanangu aliinamisha kichwa, akasema ahsante, akasogea. Nilimfuata nyuma. Najua kuhesabu. Wa kulia waliolazwa humu walikuwa wanne, na wote wanne walishasema hapana. Na mwisho wa korido, nyuma ya mlango wa kioo usioingiwa, msichana wa sweta la kijani amelala na mashine. Alitolewa upande wa kulia. Wifi ndiye aliyemtoa.

Kitanda cha mwisho kilikuwa cha Fundi Saa. Mbavu tano. Alikuwa amemtazama binti yangu tangu kitanda cha kwanza, kila swali amelisikia.

"Mjomba," binti yangu akaanza. "Wewe ulikuwa—"

"Ni mimi," akasema.

Mtoto akashika reli ya kitanda.

"Ilikuwa mimi, mwanangu. Nilianguka nikasogea upande wa kulia kule. Nikasikia mtu juu. Nikasema moyoni, huyu ni mwepesi, huyu hajala tangu asubuhi." Kucheka kulimuuma, akashika kifua. "Sasa nitazame. Nimekufa?"

"Hapana, mjomba."

"Nalalamika?"

"Hapana."

"Basi weka miguu chini, usimame vizuri, unanipa kizunguzungu."

Akashusha visigino. Nilisikia vinagusa sakafu, kimoja, kisha kingine. Kisha akaanguka juu ya kitanda akilia, na mzee akamshika kichwa na ule mkono unaoshika vyuma vidogo kuliko punje ya mchele, akanitazama juu ya nywele zake.

Miaka ishirini na minne sijapishana na uongo bila kuuvua nguo hadharani. Huyu mtu nilikuwa nimemkumbatia tangu taa zilipozima hadi zilipowaka. Hakuna aliyemsimamia. Mbavu zile zilivunjikia mikononi mwangu.

Nesi akapita haraka kuelekea mlango wa kioo. Akapita wa pili, anakimbia. Nikasogea nikasimama katikati, mgongo kwenye korido, ili mwanangu akiinua kichwa anione mimi tu.